Mguu wa Kulia

Mvua iliyonyesha asubuhi ile Homa Bay haikuwa kubwa, lakini ilitosha kulainisha nyasi mbele ya shimo la mchanga. Masese aliliona hilo. Alipakanyaga mahali pa kurukia mara mbili tatu kwa kisigino, akajiambia kwamba amewahi kuruka mahali pabaya zaidi, akarudi nyuma hatua zake tisa kusubiri jina lake liitwe.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa saba, mwaka wa 1966. Michezo ya wilaya nzima ilikuwa imefika kwenye kuruka juu, na waliobaki walikuwa wawili tu: yeye, fundi cherehani kutoka Migori, na Matiko, askari polisi Mkuria aliyekuwa amemwacha kwa inchi moja mwaka uliotangulia. Ufito ulikuwa umewekwa futi sita na inchi moja. Matiko alikuwa ameuangusha mara tatu. Masese alibakiwa na nafasi moja.

Alikimbia, akapiga mguu wa kushoto chini kama alivyoupiga maelfu ya mara, na mguu ukateleza. Mwili ulikwenda huku, wayo ukabaki kule. Waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba walisikia mlio mkavu. Yeye aliusikia tumboni kwanza, kabla ya masikio.

Matiko ndiye aliyemfikia wa kwanza. Alipiga magoti, akamshika mabega.

"Usisimame," alisema. "Na usiutazame."

Masese akautazama. Wayo ulikuwa umegeukia nje kama wa mtu mwingine. Lakini wazo lililomjia pale chini, mchanga ukiwa bado mdomoni, halikuwa la ushindi wala la maumivu.

"Nani atamchukua Bonareri?" aliuliza.

"Bonareri ni nani?"

"Mtoto wangu. Nimemwacha Migori kwa jirani. Nimemwambia narudi jioni."

Hakurudi jioni hiyo. Alilala hospitalini siku tisa, mguu umefungwa plasta kutoka vidoleni hadi chini ya goti, na siku ya kumi akashuka Migori akiwa na magongo mawili ya kwapani, mepesi kwa macho na mazito kwa mikono.

Watu wa Migori walikuwa wakimsema Masese hata kabla ya mguu kuvunjika. Tangu Januari mkewe, Nyamoita, alikuwa chuo cha ualimu upande wa Kisii, akisomea miaka miwili, na Masese ndiye aliyebaki na mtoto wao wa kike wa miaka miwili na nusu. Kila asubuhi alimwogesha, akampikia uji, akaenda naye kwenye baraza la duka la Mhindi alikoweka cherehani yake. Mtoto alicheza na vipande vya vitambaa chini ya meza huku baba akishona kaptula za shule. Wateja walidhani ni jambo la wiki moja. Ilipofika Pasaka wakaelewa kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Kwa Masese mambo yalikuwa wazi. Miaka mitatu Nyamoita alikuwa amekaa kwenye baraza lile akipiga vifungo na kukunja pindo ili mumewe apate nafasi ya mazoezi. Hakulalamika, ila kila mwaka alituma maombi chuoni, na kila mwaka alikosa. Barua ya kumkubali ilipokuja, ilikuwa zamu yake. Masese hakuona kulikuwa na nini cha kujadili hapo.

Kaka yake mkubwa, Bichage, aliona. Bichage alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato kule kwao Kisii, mtu mwenye sauti ya chini ambaye hakuzoea kujibiwa. Masese aliporudi Migori siku ile ya kumi, alimkuta kaka yake mbele ya nyumba, ameketi kwenye kiti cha mlangoni, kofia gotini.

"Nimekuja kumchukua mtoto," Bichage alisema baada ya kumsaidia kuketi. "Na nitamwandikia Nyamoita arudi amtunze mume wake."

"Hutaandika, kaka."

"Tazama hali yako."

"Nimeitazama siku tisa. Sikuwa na kazi nyingine."

"Mwanamume halei mtoto wa miaka miwili. Hata angekuwa na miguu minne."

"Basi mimi nitamlea kwa mmoja."

Bichage aligeuza kofia yake gotini, akaigeuza tena. "Mama anamtaka."

"Mama anaona kwa shida, kaka. Mtoto atakuwa wa mkeo, na mkeo ana saba. Na Nyamoita akitoka chuoni leo, kesho nafasi yake ina mtu mwingine. Haya tuliyazungumza mwaka jana."

"Mwaka jana ulikuwa unatembea. Michezo hii ya kurukaruka kama mbuzi ndiyo imekufikisha hapa. Umepewa onyo."

"Nimeteleza kwenye nyasi," alisema Masese. "Sikupewa onyo lolote."

Bichage aliondoka bila kumaliza chai. Masese akajikokota hadi nyumba ya pili kumchukua mwanawe. Jirani aliyemlea siku zile tisa alikuwa Zilpah, mama wa Kijaluo aliyeuza samaki sokoni, mjane mwenye watoto wakubwa na maneno machache. Bonareri alipomwona baba yake hakumkimbilia. Alisimama mbali, akaitazama ile plasta nyeupe.

"Tata, hii ni nini?"

"Ni mguu wangu."

"Huo si wako," mtoto alisema, akajificha nyuma ya Zilpah.

"Mwache akuzoee," alisema Zilpah. "Na wewe, fundi, uko na mpango gani? Mimi alfajiri niko sokoni."

"Mpango ni kesho nifungue kazi."

Zilpah alimpima kwa macho kuanzia magongo hadi plasta, kama anayempima samaki ambaye hajaamua kumnunua. "Haya," alisema.

Cherehani ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu miwili, kisigino cha huu na vidole vya ule. Masese aliweka mguu wa plasta juu ya kigoda pembeni na kujifunza kukanyaga kwa mguu wa kulia peke yake. Siku ya kwanza uzi ulikatika kila alipofika kwenye kona. Jioni paja lilikuwa linatetemeka hata akiwa amekaa. Wiki ya pili mshono ulinyooka. Wiki ya nne alikuwa anashona kwa mwendo wake wa zamani, na mguu wa kulia ulikuwa umejaa misuli mpaka suruali ikambana pajani.

Shida ilikuwa njiani. Magongo yalichukua mikono yote miwili, na kutoka nyumbani hadi dukani ni mwendo mrefu kwa mtoto mdogo, tena kuvuka barabara kuu ya kwenda Isebania ambako malori hayakumngoja mtu. Bonareri alitembea hadi mahali anapopataka yeye, kisha akaketi chini. Siku tatu Masese alijaribu kumbembeleza, kumkemea na kumwahidi ndizi. Siku ya nne alichukua khanga ya Nyamoita, akainama kitandani, akamwambia mtoto apande mgongoni, akamfunga kifuani kwa mafundo mawili kama alivyomwona mama yake akifanya, na akatoka nje.

Migori nzima ilimwona. Wanawake waliokuwa wakienda mtoni walisimama. Kwenye kibaraza cha kinyozi palikuwa na wanaume wawili wasiokosekana pale, na mmoja wao aliita, "Fundi, utaanza lini kunyonyesha?"

"Nikianza nitakuita uje utazame," alijibu Masese, na hakupunguza mwendo.

Alipita hivyo kila siku. Sabato alipita hivyo kwenda kanisani, na akaketi upande wa wanaume, mtoto amelala mgongoni, wanaume wa benchi lile wakisogea kidogo kana kwamba alikuwa na ugonjwa. Mchungaji alihubiri juu ya kila mtu kujua nafasi yake. Masese alimsikiliza hadi mwisho, akasema amina pamoja na wengine, na Sabato iliyofuata akaja tena.

Kisha akaanguka. Ilikuwa siku ya soko, mvua imegeuza njia kuwa tope, na gongo la kushoto lilizama mpaka nusu karibu na wauza vitunguu. Masese alihisi anakwenda. Alichoweza kufanya ni kujigeuza ili aanguke kwa kifua na mtoto abaki juu. Uso wake uliingia topeni. Bonareri alilia kwa mshtuko, kisha akanyamaza, kisha akasema kwa sauti iliyosikika na wote, "Tata, amka twende."

Wengine walicheka. Masese aliinua kichwa, tope linamdondoka kidevuni, akawatazama mmoja mmoja mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Mtu mmoja akamjia mkono umenyooshwa.

"Nipe mtoto nikushikie."

"Nipe gongo," alisema Masese. "Mtoto yuko salama hapo alipo."

Ilimchukua muda mrefu kusimama. Aliweka goti la mguu mzima chini, akapanda juu ya gongo mkono baada ya mkono, plasta ikiwa imening'inia nyuma na mtoto amemshika shingo. Alipokuwa wima alikaza upya fundo la khanga. Zilpah, aliyekuwa ameacha samaki wake na kuja mpaka ukingoni mwa kundi, hakumsaidia. Aliwageukia waliosimama na kusema, "Mmeshaona. Sasa nunueni vitunguu."

Jioni hiyo alimletea supu ya samaki, akaiweka mlangoni na kuondoka. Tangu siku hiyo, magari yakiwa mengi, alimvusha Bonareri barabara kuu mwenyewe, na Masese hakukataa.

Bichage alikuwa ameandika barua, licha ya kuambiwa asiandike. Mwishoni mwa Agosti Nyamoita alitokea kwenye baraza la duka saa sita mchana akiwa na sanduku lake la bati. Masese alilitazama sanduku kabla ya kumtazama mkewe.

"Mbona umekuja na kila kitu?"

"Kaka yako ameandika kwamba hujiwezi. Kwamba unamwangusha mtoto sokoni." Alikuwa amembeba Bonareri tayari, anamkagua mikono na magoti. "Wewe uliniandikia kwamba umeumia kidogo. Kidogo, Masese."

"Ningeandika nini?"

"Ukweli. Nilidhani ni kuteguka. Nimekuja njia nzima nikijiuliza unanificha nini kingine."

Masese alijua amekosa. Alitoa mguu kwenye pedali, akamvutia kiti. Nyamoita hakuketi.

"Nimeomba ruhusa ya siku tatu," alisema. "Mkuu wa chuo amesema nisiporudi Jumatatu nisirudi kabisa. Nimebeba sanduku kwa sababu sikujua nitakuta nini."

"Umekuta nini?"

Nyamoita alitazama rundo la kaptula zilizokunjwa, mguu kwenye kigoda, mtoto aliyenona na aliyesukwa nywele vibaya lakini zimesukwa. Machozi yalimjia, akayafuta kwa hasira. "Nani amemsuka?"

"Mimi."

"Amekaa kama kuku aliyenyeshewa."

"Mimi ni fundi wa nguo," alisema Masese. "Rudi Jumatatu, Nyamoita. Ukikaa kwa ajili yangu nitakuwa mtu aliyevunjika mguu na bado akamvunjia mkewe kazi. Mguu utapona. Hicho kingine sijui kama kingepona."

"Na wewe unadhani ni wewe peke yako unayejua kukaidi." Sasa aliketi. "Nitarudi. Lakini utaniandikia kila wiki, na utaandika mambo kama yalivyo. Mtoto akikohoa, andika amekohoa. Wewe ukianguka, andika umeanguka."

Walikubaliana hivyo. Siku mbili alizokaa alimfundisha kusuka mistari minne iliyonyooka. Jumatatu alfajiri aliondoka na sanduku lake. Alipofika Kisii, kabla ya kupanda basi la chuo, alipitia kwa Bichage, akamwambia maneno ambayo Bichage hakumsimulia mtu.

Plasta ilitolewa Septemba. Mguu uliotoka ndani yake ulikuwa mwembamba na mkavu, na kifundo kilikuwa kigumu kama kimetiwa kutu. Dresa wa hospitali, mfunga vidonda, mtu mzima mpole, aliukunja huku na huku kwa upole mpaka Masese akauma mkono wa shati.

"Mfupa umeshika vizuri," alisema. "Kifundo hakitakunjika tena kama zamani. Mguu huu utakupeleka sokoni, utakupeleka shambani. Kuruka juu kwa huu, hapana. Ukijaribu utauvunja mara ya pili, na ya pili haiponi hivi."

Masese alimshukuru, akarudi nyumbani, na baada ya miezi mitatu ya mazoezi ya kutembea na kupanda vilima akajaribu. Alienda kwenye uwanja wa shule karibu na mto Jumapili moja, akaweka kamba kwenye urefu wa kiuno, urefu ambao watoto wa darasa la sita waliuruka wakicheka. Alipiga mguu wa kushoto. Maumivu yalimkata mpaka nyonga, akaanguka juu ya kamba. Alijaribu tena Jumapili iliyofuata, na nyingine, hadi siku ambayo kifundo kilivimba kama embe na akashindwa kwenda kazini siku mbili.

Hizo zilikuwa wiki mbaya. Alikuwa mkali. Alimfokea Bonareri kwa kumwaga vifungo, mtoto akajikunyata chini ya meza bila kulia, na hilo likamuuma kuliko kama angelia. Alimwandikia Nyamoita kama alivyoahidi: Leo nimemfokea mtoto bila sababu. Mguu hautaki. Nyamoita alijibu kwa mstari mmoja: Mwombe mtoto msamaha, halafu mguu uuache uwe unavyotaka.

Alimwomba msamaha. Bonareri alisema sawa, na akataka kucheza. Siku hizo mchezo wake ulikuwa kuruka. Alifunga ncha moja ya futikamba ya kupimia nguo kwenye mguu wa cherehani, baba akashika ncha nyingine, chini kabisa, karibu na sakafu, naye akaruka. Aliruka akitoka upande huu, akageuka akaruka akitoka upande ule. Mara alitanguliza mguu huu, mara ule, na hakuonekana kujua kwamba kuna tofauti. Masese alimtazama kwa muda mrefu, kamba ikiwa mkononi.

"Rudia," alisema.

"Nirudie wapi?"

"Popote."

Maisha yake yote alikuwa amekimbia kutoka mkono wa kushoto na kurukia mguu wa kushoto. Kila mrukaji ana mguu wake, ndivyo alivyofundishwa, kama kila mtu alivyo na mkono wake wa kula. Aliuangalia mguu wa kulia chini ya meza, ule uliokanyaga cherehani peke yake majira mazima na kuubeba mwili wake na wa mtoto juu ya magongo. Paja lilikuwa nene kuliko lilivyowahi kuwa. Hakuna aliyemwambia kwamba mguu ule umekwisha.

Jumapili ile alisimama upande usio wake. Kila kitu kilikuwa kinyume. Hatua zilimchanganya, mabega yaligeukia pasipotakiwa, na mara kumi za kwanza alipita chini ya kamba au akasimama mbele yake kama mtu aliyesahau alichotumwa. Lakini alipotua, alitua bila maumivu. Bonareri, aliyekuwa akijenga nyumba pembeni mwa shimo la mchanga, aliinua macho.

"Tata, umekosea."

"Najua. Nitarudia."

Alirudia Januari yote na Februari. Machi aliruka urefu wa kifua chake. Mei aliruka futi tano na inchi tano, na akaandika barua kwa Nyamoita yenye namba hiyo peke yake katikati ya karatasi. Alifanya mazoezi mtoto akiwa pale pale, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kumweka. Alijifunza kuruka katikati ya "Tata nataka maji" na "Tata nimejikojolea", kuacha hatua ya nane na kwenda kumtoa siafu mguuni, kisha kurudi na kuanza kuhesabu upya. Homa ilipomshika mtoto mwezi wa tano, alikaa wiki mbili hajaugusa mchanga, na hakujihurumia kwa hilo.

Mchujo wa Migori ulikuwa Juni. Karani wa michezo, kijana mwenye tai, alimsimamisha kwenye kamba ya uwanja.

"Mtoto haingii."

"Atakaa hapa kwenye nyasi. Hasumbui."

"Bwana, huu ni uwanja wa michezo, si mahali pa kulelea. Na wewe nilisikia umevunjika."

"Nimevunjika mmoja," alisema Masese. "Andika jina langu."

"Mtoto atoke kwanza."

Masese alimketisha Bonareri nje ya kamba, hatua tatu kutoka alipo karani, akamwambia asitoke hapo mpaka amrudie. "Sasa yuko nje," alimwambia karani. "Na yuko karibu nawe, kwa hiyo akilia utakuwa wa kwanza kusikia."

Waliosimama walicheka, na safari hii walikuwa wakimcheka karani. Masese alishika nafasi ya tatu, ya mwisho ya kwenda Homa Bay. Bonareri hakulia. Karani alimpa karatasi na penseli achore.

Michezo ya wilaya ya 1967 iliangukia Agosti, chuo kikiwa kimefungwa. Nyamoita alikuja Homa Bay na mtoto, na Zilpah akaja nao, akisema ana ndugu wa kumsalimu pale, ingawa siku nzima hakumsalimu mtu. Jua lilikuwa kali na ziwa lilimeta chini ya mji. Matiko alimwona Masese akipima hatua zake, akaja kumpa mkono, kisha akakunja uso.

"Umesimama upande usio wako."

"Ndio upande wangu sasa."

Matiko aliutazama mguu wa kushoto wenye kovu, kisha wa kulia. "Tangu lini?"

"Tangu Desemba."

"Mtu hawezi kubadilisha mguu kwa miezi minane," alisema Matiko. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anawaza kwa sauti.

"Huenda hawezi. Tutaona."

Futi tano na inchi sita Masese alipita bila shida. Tano na inchi nane aligusa ufito, ukatikisika, ukatulia. Kwenye tano na inchi kumi aliangusha mara mbili. Mara ya tatu alisimama muda mrefu mpaka mwamuzi akatazama saa. Alimsikia mtu nyuma yake akisema, huyo si ndiye fundi anayebeba mtoto mgongoni kwa khanga, na mwingine akacheka. Alimsikia Nyamoita akijibu, sauti yake ya darasani, wazi na bila haraka: "Ndiye. Na mtoto ni huyu hapa, na mke wake ni mimi. Una swali lingine?"

Masese alikimbia hatua tisa kutoka upande ambao mwaka uliopita haukuwa wake, akapiga mguu wa kulia chini, na ardhi ikamrudishia. Alipita juu ya ufito kwa tumbo, aliuona uko chini yake, mweupe na umetulia, akatua mgongoni mchangani na kubaki pale akitazama mbingu. Kifundo cha kushoto kilimuuma kwa kutua. Alikiacha kiume.

Futi sita hakuweza. Aliangusha mara tatu, mara ya mwisho kwa kisigino tu. Matiko alishinda, vijana wawili wa sekondari wakafuata, na Masese akawa wa nne, ambaye hapewi kitu. Alivaa shati lake na kwenda walipokuwa watu wake. Bonareri alikuwa amelala kwenye mapaja ya Zilpah, mdomo wazi, hakuona lolote.

"Wa nne," alisema Masese.

"Nimehesabu," alisema Nyamoita, akampangusa mchanga sikioni. "Kisigino kilichelewa."

"Kilichelewa."

Walikuwa wakikusanya vitu vyao mwamuzi mkuu alipowafikia, mzee aliyekuwa akimwona Masese akiruka tangu akiwa kijana. Alimpongeza kwa moyo, akasema ameona mengi lakini hili hakuwahi kuliona. Kisha akakohoa kidogo.

"Sasa, fundi, tunahitaji mtu wa kusimamia kuruka juu mwakani. Mtu anayejua mchezo. Ungetufaa sana. Ungekaa kivulini, na mguu wako ungepumzika."

Masese alifikiri kwa heshima, maana mzee alikuwa amesema kwa wema. "Asante, mzee," alijibu. "Tafuta mtu mwingine. Mwakani nitakuwa naruka."

Na aliruka. Nyamoita alimaliza chuo Desemba, akapangiwa shule Magunga, nao wakahamia huko na cherehani na mtoto. Mwaka wa 1968 Masese aliruka futi sita kamili kwa mguu wa kulia na kuwa wa pili. Futi sita na inchi moja hakuivuka kamwe maishani, na alipoulizwa kama hilo linamsumbua, alisema ndiyo, linamsumbua, na akaendelea kushona.